Kampuni ni Ukuta, Si Pambo la Ukutani

Katika mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu, na katika vichochoro vinavyoelekea soko la Kibuye, ni kawaida siku hizi kuona duka lisilozidi upana wa hatua nne likiwa na kibao kinachoishia kwa neno "Limited", na ndani yake, juu ya rafu ya sukari na mafuta ya kupikia, cheti cha usajili wa kampuni kimetiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa kando ya kalenda na leseni ya kaunti. Neno hilo, ambalo kizazi kilichopita kilizoea kuliona kwenye malango ya viwanda na benki, sasa limemfikia muuza mbao, mshona nguo, msambazaji wa omena na fundi wa kuchomelea vyuma, na hakuna ubaya wowote katika kuwafikia hao. Linalotia shaka ni kwamba chini ya cheti hicho mara nyingi hapana daftari la mauzo, hapana akaunti ya benki yenye jina la kampuni, na droo inayopokea fedha za wateja ndiyo ile ile inayotoa nauli ya mtoto, pesa ya maziwa na mchango wa matanga.

Makala haya yanashikilia kwamba kampuni ni ukuta unaotenga mali ya nyumba na deni la duka, na kwamba ukuta huo hujengwa na mwenye duka mwenyewe, siku baada ya siku, kwa namna anavyopokea, anavyotumia na anavyoandika fedha. Msajili wa Kampuni aliye Nairobi hutoa kibali cha kujenga, basi. Mfanyabiashara mdogo asiyekuwa tayari kuishi kwa kanuni za ukuta huo ni heri abaki na jina la biashara lililosajiliwa, aepukane na ada na adhabu, hadi siku shughuli zake zitakapouhitaji ukuta wa kweli.

Mtu asiyekula wala kulala

Biashara ndogo nchini Kenya ina njia mbili kuu za kujitambulisha mbele ya sheria. Ya kwanza ni kusajili jina la biashara, hatua ambayo ada yake ni takriban shilingi 950 na ambayo haizai kiumbe kipya, kwa kuwa mwenye jina na biashara yake huhesabiwa kuwa mtu mmoja: deni la duka ni deni lake, na akishindwa kulilipa, mdai ana haki ya kuifuata mali yake ya dukani na ya nyumbani pia. Ya pili ni kusajili kampuni yenye dhima ya kikomo, ambayo ada yake ni takriban shilingi 10,650. Dhima ni wajibu wa kulipa deni, na kikomo ni mpaka ambao wajibu huo hauuvuki. Kampuni iliyosajiliwa huwa mtu wa kisheria, mwenye jina lake, pini yake ya ushuru, mali yake na madeni yake, anayeweza kushtaki na kushtakiwa, na ambaye hafi aliyemwanzisha anapofariki. Wenye kampuni huitwa wanahisa, kwa sababu kila mmoja anamiliki hisa, yaani fungu la kampuni. Wanaoiendesha huitwa wakurugenzi. Na katika duka dogo mtu mmoja huvaa kofia zote mbili.

Aliyeufungua mlango huu kwa wadogo ni mtunga Sheria ya Kampuni ya 2015, iliyotiwa saini mwezi Septemba mwaka huo ili ichukue nafasi ya sheria ya zamani iliyofinyangwa kwa kielelezo cha Uingereza. Kabla yake kampuni binafsi ilihitaji angalau watu wawili, sharti lililowafanya wengi waandike jina la mke, mume au ndugu pasipo kumweleza anatia saini nini. Tangu 2015 mtu mmoja anatosha, mradi wanahisa wasizidi 50 na hisa zisitangazwe kwa umma. Hata katibu wa kampuni, yaani mtaalamu anayetunza kumbukumbu zake na kuwasiliana na Msajili, halazimiki mpaka mtaji uliolipwa ufikie shilingi milioni 5.

Wazo la kumtenga fundi na kampuni yake lina asili katika kesi ya mtengenezaji viatu. Aron Salomon wa London aliigeuza biashara yake ya viatu kuwa kampuni wakati ambapo sheria ya Uingereza ilidai wanahisa saba, naye akawapa mkewe na watoto wake watano hisa moja moja huku yeye akibaki na hisa 20,001. Kampuni ilipofilisika muda mfupi baadaye, ilidaiwa kwamba yeye binafsi ndiye aliyepaswa kubeba madeni, na mahakama za chini zilikubaliana na dai hilo. Lakini Baraza la Malodi, katika hukumu maarufu iliyoingia katika vitabu vya sheria vya 1897, liliamua kwamba kampuni iliyosajiliwa ipasavyo ni mtu mwingine kabisa, hata kama mmoja anaimiliki karibu yote. Mahakama za Kenya hufuata msingi huo hadi leo, na fundi wa Kibuye anaposajili kampuni yake huwa anaomba kinga ile ile aliyoipata mtengenezaji viatu yule.

Kikomo kiko wapi hasa?

Wengi wanaolipa ada ya kampuni huamini kwamba tangu siku cheti kinapotoka hakuna mdai anayeweza kuvuka kizingiti cha nyumba yao. Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoziumiza familia.

Kwanza kuna suala la mtaji. Fomu ya usajili huuliza idadi ya hisa na thamani yake, na mtindo uliozoeleka ni hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja, yaani mtaji wa shilingi 100,000, ingawa wapo wanaoandika milioni nzima ili kampuni ionekane nene machoni pa watoa tenda. Wachache huambiwa kwamba kikomo cha dhima ya mwanahisa ni thamani ya hisa alizozichukua na bado hajazilipia. Aliyejiandikia hisa za shilingi milioni moja bila kuingiza hata senti katika kampuni anaweza, kampuni ikianguka, kudaiwa milioni hiyo na mfilisi, ambaye ni ofisa anayekusanya mali ya kampuni iliyoshindwa ili awalipe wadai. Sifa iliyoandikwa kwenye fomu kwa dakika moja hugeuka deni halisi.

Pili kuna udhamini. Mkopeshaji anayeijua biashara ndogo hujua pia kwamba kampuni yenye friza moja na magunia sita ya omena haina cha kukamatwa, kwa hiyo kabla ya kutoa mkopo humtaka mkurugenzi atie saini hati ya udhamini binafsi, yaani ahadi kwamba kampuni isipolipa atalipa yeye. Kwa saini hiyo mwenye nyumba huutoboa ukuta kwa mkono wake mwenyewe, na mara nyingi hufanya hivyo akiwa amesimama kaunta, karatasi zikiwa zimepangwa, kidole cha karani kikionyesha mahali pa kuweka kalamu. Je, ni wangapi wanaoiona karatasi ya udhamini kuwa tofauti na zile nyingine? Na ni wenzi wangapi wa ndoa wanaoambiwa jioni kwamba kochi, televisheni na pengine hata hati ya shamba la nyumbani vimeingia katika mkopo wa kampuni?

Deni linapofika kwa dalali, yaani mnadi anayetekeleza amri ya mahakama, sheria ya Kenya haimwachi mdaiwa mtupu kabisa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakataza kukamatwa kwa mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana anazozihitaji kwa kazi yake. Kwa lugha ya nyumbani, sufuria hubaki mekoni na godoro hubaki chumbani, lakini meza ya kulia, kabati la vyombo na redio huondoka kwenye mkokoteni majirani wakitazama. Ulinzi huo mdogo humfikia kila mtu, awe na kampuni au asiwe nayo. Ulinzi mkubwa ambao kampuni iliuahidi ndio ule uliouzwa kwa saini ya udhamini.

Tatu, mahakama ina uwezo wa kulifunua pazia la kampuni, yaani kuipita kampuni na kumwangalia mtu aliye nyuma yake, pale inapothibitika kwamba kampuni ilitumiwa kwa udanganyifu. Aliyechukua mali kwa mkopo kwa jina la kampuni akijua kwamba haitalipa, kisha akafungua nyingine mlango wa pili, hawezi kulitegemea pazia alilolichana mwenyewe.

Simu moja, mifuko miwili

Iwapo ukuta ni mazoea, basi ufa wake wa kwanza ni simu ya mkononi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa 2007, fedha za duka dogo zimehama kutoka kwenye droo kwenda kwenye laini ya simu, na kwa kuwa laini hiyo ni ya mtu, kila shilingi inayolipwa na mteja wa kampuni huingia katika mfuko wa mtu. Hesabu ya siku huanza kuharibika hapo. Mwenye duka aliyetumia Fuliza, ile huduma ya kutoa fedha kupita salio iliyoanza 2019, ili alipe umeme wa nyumbani usiku, huamka asubuhi na kuona malipo ya mteja wa kwanza, aliyenunua unga wa kampuni, yakikatwa papo hapo kufidia deni la nyumba. Hakuna mwizi na hakuna hila. Lakini kampuni imelipa umeme wa mtu mwingine, na hakuna kitabu kilichoandika jambo hilo.

Hali hiyo ikirudiwa kwa mwaka mzima, mwenye duka hawezi tena kusema kwa uhakika kama biashara inapata faida au inakula mtaji wake, na siku ya kesi hawezi kumwonyesha hakimu mstari unaotenga kilicho chake na kilicho cha kampuni. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo una uzito zaidi kwa mwenye kampuni kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu yeye amelipia utengano ambao daftari pekee ndilo linaloweza kuuthibitisha.

Tiba yake haihitaji mhasibu wa kukodi. Inahitaji laini au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Akaunti ambayo mshahara wa mwenye duka hutoka mara moja kwa mwezi kwa kiasi kilichoamuliwa, badala ya kuchotwa kila jioni. Stakabadhi zenye jina kamili la kampuni. Na kalamu inayoandika kila kilichotolewa kwa ajili ya nyumba kuwa ni deni linalodaiwa mwenye nyumba. Mwanamke wa mtaa wa Obunga anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya mnofu kukatwa, hujua vizuri sana kutenga pesa ya samaki wa kesho na pesa ya mboga ya leo, na huzifunga katika mafundo mawili ya leso. Nidhamu ya kampuni ni mafundo hayo hayo mawili yaliyohamishiwa kwenye karatasi.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea

Serikali ya Kenya imefanya jitihada kubwa ya kurahisisha kuzaliwa kwa kampuni. Kupitia jukwaa la eCitizen na Huduma ya Usajili wa Biashara, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 2015, mwombaji huhifadhi jina, hujaza fomu, hulipa kwa simu na hupata cheti pasipo kupanda basi la Nairobi. Sifa za mageuzi hayo zilienea duniani, na katika orodha ya Benki ya Dunia iliyopima wepesi wa kufanya biashara Kenya ilipanda kutoka nafasi ya 136 katika ripoti ya 2015 hadi nafasi ya 56 katika ripoti ya 2020, kabla ya orodha yenyewe kusitishwa 2021. Hata hivyo kipimo hicho kilitazama jiji kubwa zaidi la biashara katika nchi, yaani Nairobi, na, kwa upande wa usajili, kilihesabu siku na gharama za kuanza. Kaloleni haikuwamo katika hesabu, na haukuwamo pia ule mwaka wa tatu ambapo kampuni iliyozaliwa kwa wepesi inadaiwa mambo ambayo mwenyewe hakuambiwa.

Mambo hayo ni mengi kiasi. Kampuni inapaswa kila mwaka kuwasilisha kwa Msajili taarifa ya wanahisa na wakurugenzi wake, na isipofanya hivyo inaweza hatimaye kufutwa katika sajili. Tangu 2020 inapaswa pia kutaja wamiliki wake halisi, yaani watu wenye angalau asilimia 10 ya hisa au ya kura, hata kama majina yao hayaonekani popote pengine. Kwa Mamlaka ya Ushuru, kampuni hutakiwa kujaza ritani yake mwenyewe, mbali na ya mwenye kampuni, na hutakiwa kufanya hivyo hata mwaka ambao haikuuza kitu. Adhabu ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, lakini kwa kampuni huanzia shilingi 20,000, kiasi kinachokaribia mara mbili ya ada ya kuisajili. Kampuni iliyosajiliwa kwa matumaini ya tenda moja iliyokosekana, kisha ikasahauliwa ndani ya bahasha, huendelea kukusanya adhabu kimyakimya, na kuifunga rasmi kunahitaji kwanza kulipa kilichokusanyika.

Kiwango cha ushuru nacho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme muuza omena anauza kwa mwaka bidhaa za shilingi 900,000 na kubaki na faida ya shilingi 300,000. Kwa kuwa mauzo yake hayajafika shilingi milioni 1, hayumo katika ushuru wa mauzo wa asilimia 3 unaotozwa biashara za kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, na faida yake hutozwa kwa kanuni za kawaida. Akiwa mtu binafsi, kwa viwango vilivyotumika tangu 2021, shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10 na shilingi 12,000 zilizobaki asilimia 25, jumla shilingi 31,800, ambapo hupunguziwa nafuu ya mtu binafsi ya shilingi 28,800 na kubakia kulipa shilingi 3,000. Faida hiyo hiyo ikiwa ya kampuni hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, yaani shilingi 90,000, kwa kuwa kampuni haina watoto wala nafuu ya mtu binafsi. Ni kweli kwamba kampuni inaweza kumlipa mwenyewe mshahara na kuupunguza mzigo huo, lakini mshahara unahitaji ritani za kila mwezi na makato ya pensheni, bima ya afya na nyumba, na yote hayo humrudisha kwenye daftari ambalo halipo. Tofauti ya shilingi 87,000 ni karo ya sekondari ya bweni kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Basi kwa nini watu huendelea kusajili? Sababu inayotajwa zaidi ni tenda za serikali, na hapo pana dhana inayopaswa kurekebishwa. Mpango wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya umma, ulioanzishwa 2013, huwapokea pia wenye majina ya biashara na ubia uliosajiliwa, na haudai kwamba kila mwombaji awe na kampuni. Sababu ya pili ni heshima, na heshima hiyo mara nyingi hununuliwa katika saiba, yaani duka la huduma za intaneti, ambako mhudumu hujaza fomu kwa anwani ya barua pepe aliyoifungua mwenyewe, huweka neno la siri analolijua yeye, na hunakili shughuli za kampuni kutoka kwa mteja wa jana. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kampuni ambayo funguo zake zimo katika kompyuta ya mtu mwingine haiwezi kumsitiri mwenyewe siku ya dhiki.

Pale ukuta unapofaa

Hoja hizi hazina nia ya kuipiga vita kampuni, kwa kuwa historia ya Kisumu yenyewe inaonyesha mahali inapofaa. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, alisajili Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyokusanya hisa ndogo ndogo za Waluo na kuziwekeza katika maduka, uchapishaji na ujenzi, ukiwemo wa Ramogi House mjini Kisumu, wakati ambapo biashara ya mji huu ilikuwa karibu yote mikononi mwa watu wasio Waafrika. Hakuna mtu mmoja wa Nyanza aliyekuwa na fedha za kujenga jumba lile, na jina la biashara la mtu mmoja lisingeweza kubeba fedha za mamia ya watu wasiojuana. Kampuni iliweza kwa sababu ilimpa kila mwenye hisa fungu linalohesabika na ikamwekea mpaka wa hasara, na somo linalobaki ni kwamba kampuni ina maana zaidi pale wenye mali wanapokuwa wengi kuliko pale jina linapotafutwa liwe refu.

Faida ya pili huonekana mwenye biashara anapofariki. Jina la biashara la mtu mmoja husimama naye, akaunti hufungwa, na mali yake huingia katika mirathi kama vitu: friza, mizani, mashua, injini. Katika Kaloleni, mtaa wenye familia nyingi za Kiislamu ambazo mirathi yao huamuliwa na Kadhi, ugumu huo hujulikana vyema, kwa kuwa mjane mwenye watoto anastahili thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na hakuna seremala awezaye kukata thumuni ya mashua. Hisa hukatika. Marehemu aliyeacha hisa 1,000, mjane mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, bila wazazi walio hai, huwaachia hisa 125 mjane, hisa 350 kila mwana na hisa 175 binti, na injini ya mashua huendelea kunguruma ziwani hesabu hiyo ikifanyika nchi kavu. Lakini hata hapa pana tahadhari, kwani kampuni ya mtu mmoja ambaye ni mkurugenzi pekee hubaki bila mkono wa kutia saini siku anapozikwa, hadi vyeti vya mirathi vitolewe; ndiyo maana ni busara kuwa na mkurugenzi wa pili ambaye anajua mambo yalivyo.

Faida ya tatu ni pale hatari ya kazi inapozidi thamani ya duka. Fundi aliyekubali kujenga paa la shule, mfugaji wa samaki wa vizimba anayechukua chakula cha samaki kwa mkopo wa miezi sita huku akijua kwamba maji yakikosa hewa samaki wa vizimba vyote wanaweza kufa kwa usiku mmoja, na mwenye lori linalobeba mizigo ya watu kutoka bandarini, wote hao wana sababu ya kweli ya kujenga ukuta kabla ya ajali, kwa maana asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa kisheria haujengwi baada ya deni kuingia ndani.

Wajibu wa serikali, wakopeshaji na nyumba

Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu uliotolewa 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo zaidi ya milioni 7, na kati yake takriban milioni 1.56 tu zilikuwa na leseni. Kwa wengi hao swali la kampuni bado liko mbali, na sera inayopima mafanikio kwa idadi ya vyeti vilivyotolewa inawasukuma kwenye hatua ya nne kabla hawajamaliza ya kwanza.

Katiba ya 2010 inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, ilhali sheria ya kampuni na fomu zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Je, ni haki mtu atie saini katiba ya kampuni yake, yaani hati inayoeleza hisa na madaraka yake, kwa lugha anayosomewa na mhudumu wa saiba anayetaka kumhudumia anayesubiri nyuma? Maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Dholuo, yanayotaja kikomo cha dhima, ritani za kila mwaka na adhabu ya shilingi 20,000, yakiwekwa katika Kituo cha Huduma na kwenye skrini kabla ya kitufe cha kulipa, yangeokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la ada. Kampuni ambayo haijawahi kuuza kitu inapaswa pia kupewa njia fupi na nafuu ya kufungwa, maana mlango wa kuingilia uliofanywa mpana wakati mlango wa kutokea umebaki mwembamba hugeuka mtego.

Wakopeshaji nao wanayo nyenzo wasiyoitumia vya kutosha. Sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inaruhusu mashine ya kuchomelea, injini ya mashua, friza na hata fedha ambazo kampuni inawadai wateja wake kusajiliwa kuwa dhamana ya mkopo, hivi kwamba kampuni inaweza kukopa kwa nguvu ya mali yake. Pale ambapo udhamini binafsi ni lazima, uwekewe kiasi na muda, na mwenzi wa ndoa asomewe kabla ya saini, kwa sababu dalali hatamuuliza nani alikwenda benki.

Wajibu unaobaki ni wa nyumba yenyewe, na ndio mzito kuliko yote kwa kuwa hauna ofisa wa kuukagua. Jioni, mlango wa duka unapofungwa na taa ya meza kuwashwa, fedha za siku humwagwa mezani na kuhesabiwa, na hapo ndipo kampuni huwapo au hukosekana. Ikiwa zinahesabiwa mara moja na kutiwa katika mfuko mmoja, cheti kilicho juu ya rafu ni picha kama zilivyo picha nyingine. Ikiwa zinahesabiwa, zikaandikwa, na mwenye duka akajitolea chake kilichokubaliwa na kuandika hicho pia, basi ukuta umeongezwa tofali moja, na duka hilo liko tayari kwa ukuta wa kweli hata kama mwenyewe bado hajalipa zile shilingi 10,650.